Siku Resi Iliponasa Mteremko wa Magamba

Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa saba, baridi ya Usambara imekaza na ukungu haujainuka. Nilikuwa natoka Lukozi kuchanja kuku, kibebeo cha chanjo nimekifunga nyuma ya pikipiki kwa mpira wa baiskeli, nashuka kwenda Lushoto mjini kupitia Magamba. Anayeijua njia hiyo anajua kwamba ukishaupita msitu barabara inaanza kujikunja: huku ukuta wa udongo mwekundu, kule vilele vya miti ambayo mashina yake huyaoni. Nilivuta mafuta kidogo nilipite lori la kabichi lililosimama pembeni, kisha nikaachia. Mkono wa resi, ule wa kuvutia mafuta, ulirudi mahali pake. Injini haikurudi.

Kuelewa sentensi hizo mbili za mwisho kulinichukua karibu mwezi mzima. Wakati ule sikuwa na nafasi ya kuelewa chochote. Kona ilikuwa inakuja, pikipiki inanguruma kana kwamba bado napanda, na mimi nikakamata breki zote mbili kwa nguvu. Breki za pikipiki ya cc 125 zinaweza kuishinda injini yake kwa muda, lakini kwenye mteremko, ukiwa na mzigo na kokoto chini ya gurudumu, nyuma kunaanza kucheza. Nikabana klachi. Injini ikapandisha sauti ambayo sikuwahi kuisikia, nikaogopa itapasuka, nikaachia klachi. Pikipiki ikaruka mbele kama ndama aliyekata kamba.

Hapo ndipo nilipokaribia kufa, na hakuna aliyewahi kunifundisha. Klachi ukishaibana usiiachie. Mlio ule unatisha, ila injini inayolia bila kubeba kitu kwa sekunde chache haikuui wewe. Kinachoua ni gurudumu linaloendelea kusukumwa. Nilibana tena, kidole gumba cha kulia kikatafuta swichi nyekundu ya kuzimia. Haikusogea. Miaka minne nilikuwa nazima kwa ufunguo tu, ile swichi sikuigusa hata mara moja, na vumbi lilikuwa limeigandisha. Ikabidi niutoe mkono wa kulia kwenye usukani, mguu ukiwa umekanyaga breki ya nyuma, niuzungushe ufunguo.

Kimya. Nikasimama hatua chache kabla ya kona, magoti yanatetemeka.

Nimekutana na waendesha bodaboda wengi wanaoogopa kuzima injini wakiwa kwenye mwendo, wakiamini watabaki bila breki. Si kweli kwa pikipiki zetu hizi. Breki yake ni ya waya, fito au mafuta yake yenyewe, haiombi kitu kwa injini. Kinachopotea kwa pikipiki nyingi ndogo ni taa kubwa, kwa sababu inawaka kwa umeme wa injini inayozunguka. Ukizima usiku utabaki gizani kwa muda, na bado ningezima. Kufunga koki ya mafuta nako hakusaidii wakati huo: kwenye bakuli la kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, kuna petroli iliyobaki, na injini itaendelea kulia mpaka iishe.

Utingo wa lile lori alinikimbilia. Ananifahamu, niliwahi kuwachanjia kuku nyumbani kwao.

"Daktari, pole. Mafuta yamenasa?"

"Yamenasa, mdogo wangu."

"Ni waya huo. Badilisha waya tu."

Tulikaa pale kama nusu saa. Nilipopiga kiki, pikipiki iliwaka na kutulia sailensi, yaani mlio wa chini bila kuvuta mafuta, kama kawaida yake, laini kabisa. Nikashukuru Mungu, nikashuka polepole mpaka mjini. Ushahidi wote niliouhitaji nilikuwa nimeshaupata pale kandokando ya barabara: mkono ulirudi lakini injini haikurudi, ilinasa ikiwa ya moto, ikapona ilipopoa. Sikuusoma hata kidogo. Kichwani nilikuwa na neno moja, waya.

Kijana fundi wa kijiweni naye akasema waya. Simlaumu, kwa sababu mara nyingi huwa ni waya kweli. Waya wa resi unapita ndani ya gamba lake, unapinda kwenye usukani, unapinda tena chini ya tanki. Nyuzi zake zikianza kukatika mmoja mmoja karibu na mkono, zinasimama kama miiba na kukwama ndani ya gamba. Maji ya mvua yakiingia, kutu inamalizia. Waya wa namna hiyo unaujua kwa mkono wako: unavuta kwa shida na ukiachia hauruki kurudi, unasinzia. Waya wangu haukuwa hivyo. Uliruka. Ila tuliutoa, tukaweka mpya, nikalipa, nikaondoka na furaha.

Siku mbili baadaye, nikiwa nageuza uani kwangu, nilikata usukani wote kushoto na injini ikapandisha mlio yenyewe. Nikarudisha katikati, ukashuka. Nikakata tena, ukapanda tena. Waya mpya ulikuwa umepitishwa upande usio wake, mbele ya shingo ya usukani, kwa hiyo kila nilipokata kona usukani ulikuwa unanivutia mafuta bila idhini yangu. Fikiria hilo kwenye kona za kushuka Soni.

Tangu siku hiyo nina kipimo ambacho sikiachi kila waya unapobadilishwa, au mtu anapofunga kioo cha upepo, kishikio cha simu, au chochote kinachogusa usukani. Nasimamisha pikipiki kwa stendi ya katikati, nawasha, naweka frii, halafu nauzungusha usukani polepole kutoka mwisho wa kushoto mpaka mwisho wa kulia. Mlio usibadilike hata kidogo. Kisha naushika mkono wa resi na kuuchezesha bila kuvuta waya: lazima kuwe na mchezo mdogo, milimita 2 hadi 6, kabla haujaanza kuvuta. Usipokuwa na mchezo, waya umekazwa mno. Na hakikisha ile raba ya mkono haijasogea ikagusana na kitako cha swichi au na kizito cha mwisho wa usukani. Nimeona pikipiki iliyofunguliwa kabureta mara mbili, kumbe raba mpya iliyowekwa ilikuwa inasugua pembeni.

Tulirekebisha njia ya waya. Wiki iliyofuata, nikitoka Mlalo jua limewaka, resi ikanasa tena. Safari hii nilibana klachi bila kuiachia, nikazima kwa swichi nyekundu, maana nilikwisha kuisafisha na kuizoesha, nikasimama salama. Nilikaa juu ya jiwe nikaanza kufikiri kama ninavyofikiri kwenye kazi yangu. Kuku akifa simwambii mama mwenye kuku "ni kideri" kwa sababu kuku wengi hufa kwa kideri. Namuuliza: alianza lini, anapumua vipi, kinyesi kikoje, wangapi wameumwa. Pikipiki yangu nilikuwa nimeitibu kwa jina la ugonjwa wa jirani.

Nikaipeleka kwa mzee mmoja wa Soni aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mashine za mashamba ya chai. Sasa amezeeka, anatengeneza akiwa amekaa kwenye kigoda, anayemtaka anamfuata nyumbani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Imekuwaje?"

Nikamweleza. Hakugusa spana. Akauliza: ikinasa, mkono unarudi? Unarudi, mzee. Ukikata usukani, mlio unabadilika? Zamani ulibadilika, sasa haubadiliki. Ikipoa?

"Ikipoa inapona yenyewe."

"Basi mkono mzima, waya mzima. Kinachonasa kiko ndani, na kinavimba kwa moto."

Akafungua kifuniko cha juu cha kabureta, akavuta taratibu. Kikatoka kile kipande cha mviringo ambacho mafundi wengi hukiita pistoni ya kabureta, springi juu yake, sindano ikining'inia chini. Ukivuta resi waya unakiinua, hewa nyingi inapita. Ukiachia, springi ndiyo inayokisukuma chini. Waya haukisukumi hata kidogo, na hilo mimi sikulijua. Nilidhani nikirudisha mkono nazima mafuta. Kumbe narudisha mkono tu na kuiachia springi kazi. Kwa hiyo kipande kile kikikwama kwenye tundu lake, mkono unaweza kurudi wenyewe, waya ukalegea juu yake, na injini ikaendelea kunywa.

Aliniita nisogee. Ubavuni pa pistoni palikuwa na mistari miwili inayong'aa, kana kwamba imesuguliwa kwa msumari. Akaitia tena tundu lake, kabureta ikiwa bado imefungwa kwenye injini, akaiachia. Ilishuka nusu ikasimama. Kisha akachukua spana namba 10 akalegeza zile nati mbili zinazoshika kabureta, kila moja mzunguko mmoja tu. Pistoni ikadondoka chini: tak.

Akakaza. Ikanasa. Akalegeza. Tak.

"Nani alikaza hizi?"

Nilinyamaza, kwa sababu nilikumbuka. Miezi mitatu kabla ya hapo pikipiki ilikuwa na tabia nyingine: ukiachia mafuta mlio unashuka pole pole mno, kama haitaki, na sailensi yake iko juu. Kijana wa kijiweni aliniambia inavuta hewa pale kabureta inapoungana na injini, na alikuwa sahihi kabisa. Nikamwambia aikaze. Akaikaza, nikamwambia kaza zaidi mdogo wangu, mimi natembea milimani. Naye akanisikiliza, akaongeza bomba kwenye mpini wa spana.

Kilichokuwa kinavujisha ni oringi, ile raba nyembamba ya duara inayokaa kwenye mfereji kati ya kabureta na shingo ya injini. Ilikuwa imekauka na kuwa ngumu kama plastiki. Oringi iliyokufa haifufuki kwa kukazwa. Tulipokaza, masikio mawili ya kabureta yalipinda kuelekea injini, na mwili wake ukafuata kidogo, kidogo kuliko unavyoweza kuona kwa jicho. Tundu la pistoni likaacha kuwa duara kamili. Injini ikiwa baridi nafasi inatosha. Ikipata moto, chuma kinatanuka, nafasi inakwisha. Ongeza vumbi jekundu lililokuwa linapita kwenye ea klina yangu, yaani chujio la hewa, iliyochanika, na mistari ile miwili imeshajieleza.

Kwa hiyo ugonjwa ulianza kwa raba ya bei ndogo kuliko soda. Nilikuwa nimebadilisha waya mzima na karibu kupoteza uhai kabla ya kuifikia.

Mzee aliniachia kazi niifanye mwenyewe, yeye akielekeza. Tuliitoa kabureta, tukatandika msasa laini juu ya kipande cha kioo cha dirisha, nikausugua uso wa kabureta mizunguko midogo midogo mpaka mng'ao ukaenea kote. Kioo ni kwa sababu hakina bonde. Meza ya mbao ingenidanganya. Pistoni hatukuipiga msasa. Aliiosha kwa petroli, akaifuta kwa kitambaa, na ule ukingo uliokuwa umeinuka kidogo akaulainisha kwa upande butu wa wembe. "Ukiisugua itacheza, ikicheza itapitisha hewa, utarudi hapa hapa," alisema. Tukaweka oringi mpya na ea klina mpya. Kukaza, alinifundisha kwa vidole: nati hii kidogo, nati ile kidogo, kwa zamu, mpaka raba ikae. Kila baada ya zamu mbili tulisimama na kuiachia pistoni tusikie. Ingeacha kusema tak tungejua tumepita. Haikuacha.

Kuna kosa moja nililifanya peke yangu baadaye, nalo nalieleza kwa sababu ni la hatari. Nilisafisha kabureta nyumbani usiku kwa tochi ya simu, nikairudisha pistoni vibaya. Pistoni ina mfereji mrefu ubavuni unaotakiwa kuingia kwenye kipini kidogo ndani ya tundu, na upande wake uliokatwa chini unaangalia kwenye ea klina. Mimi nilijaribu kuilazimisha ikaingia kinyume, ikakaa juu. Kiki moja tu, injini ikalia kwa sauti ya mwisho, binti yangu akaruka kutoka kwenye kibaraza. Ufunguo ulikuwa karibu na mkono wangu, nikazima. Tangu hapo siwashi pikipiki iliyofunguliwa kabureta kabla sijavuta na kuachia mkono nikiwa nimeinamisha sikio karibu na kabureta. Nisiposikia ule mlio wa chuma kugota chini, sipigi kiki.

Kipimo cha kuvuta hewa nacho ni rahisi, na hakihitaji petroli ya kunyunyizia kama baadhi ya mafundi wanavyofanya juu ya injini ya moto. Hiyo ni njia ya kuunguza nyumba. Ukiwa sailensi, paka povu la sabuni kwenye maungio ya kabureta. Mahali penye tundu povu litavutwa ndani, na mlio wa injini utayumba kidogo. Nyufa za mpira unaounganisha kabureta zinaonekana hivyo hivyo.

Nilidhani sasa nimeelewa resi iliyonasa, mpaka jirani yangu anayelima nyanya bondeni aliponiita nitazame pampu yake ya maji. Ni ile injini ndogo ya petroli, nguvu farasi 6.5, ya kuvuta kwa kamba.  Jirani alisema imenasa. Nikachungulia kwenye kabureta injini ikiwa imezimwa, nikakuta kile kibati cha duara kinachofungua na kufunga njia ya hewa kimefunguka chote. Nikasema kwa uhakika: hii hapa, imenasa wazi.

Nilikosea. Injini ile ina gavana, yaani kidhibiti cha mwendo. Ndani yake kuna vizito vinavyozunguka na injini, na kadiri mwendo unavyopanda vinasukuma mkono unaokifunga kile kibati. Springi ya gavana inavuta upande wa pili, inakifungua. Injini ikizimwa vizito vimelala, springi inashinda, kwa hiyo kukuta njia ya hewa iko wazi ndiyo hali yake ya kawaida. Ni kinyume kabisa cha pikipiki. Kwa saa nzima nilikuwa nahangaika kutibu kiungo kizima. Ugonjwa wenyewe ulikuwa ule waya mwembamba mgumu unaounganisha mkono wa gavana na kabureta: ulikuwa umechomoka tunduni kwa sababu mtu aliupinda akifungua ea klina. Bila waya ule, hakuna wa kuizuia injini. Inatakiwa isizidi mizunguko 3,600 hivi kwa dakika, na ikiachwa ipite hapo kwa muda inaweza kuvunja fimbo ya pistoni ya injini yenyewe na kutoboa ubavu wake. Tuliurudisha waya, tukaona mkono wa gavana ukicheza wenyewe injini ilipowaka, jirani akapata maji. Sasa kabla ya kusema chochote kuhusu injini ya mtu nauliza kwanza: hii ikiwa imelala, njia yake ya hewa inatakiwa iwe wazi au imefungwa?

Kabureta yangu nilipoitoa Soni sikwenda nyumbani moja kwa moja. Nilipitia kijiweni kwa yule kijana. Niliogopa ataona namfedhehesha, kwa hiyo nilianza na langu: nilimwambia mimi ndiye niliyekulazimisha kukaza. Nikalegeza nati, nikamwachilia pistoni aisikie. Nikakaza mno, ikanasa. Akaichukua spana mkononi mwangu akarudia mwenyewe, mara nne au tano, hasemi kitu. Kisha akauliza kioo tulichotumia kilikuwa cha unene gani.

Nilimkuta tena mwezi wa tisa, bodaboda mmoja amemletea pikipiki inayonasa, amekaa kwenye tanki anahimiza, "Fundi, weka waya mpya nina abiria." Waya mpya ulikuwa umening'inia ukutani. Kijana hakuuangalia. Alikuwa ameinama na spana namba 10, analegeza nati moja, halafu ya pili, kisha akatuinulia mkono tunyamaze ili asikie.